Punda kichochoroni: maswali ya wenye app zinazoganda

Nimetengeneza app ya Android ya kukodi mashua. Kwangu inafunguka papo hapo, lakini manahodha wenye simu za bei nafuu wanaona skrini nyeupe sekunde nne hivi. Nimekosea wapi? Nimeambatanisha msimbo (code). (Msomaji, Shela)

Ndugu yangu, umewahi kukwama Mkomani, mji wa Lamu, nyuma ya punda aliyebebeshwa mawe? Kichochoro ni kimoja, pa kumpitia hakuna, hata kama boti ya Mokowe inang'oa nanga. Uzi (thread) ni njia ambayo app hufanyia kazi zake moja baada ya nyingine, na uzi mkuu wa app ndio kichochoro hicho. Huohuo unachora skrini na huohuo unapokea mguso wa kidole. Kwenye skrini ya fremu 60 kwa sekunde, kila mchoro una milisekunde 16 tu. Wewe ndani ya onCreate, yaani sehemu inayoendeshwa skrini inapoanza, umeufungulia hifadhidata, ukausomesha faili la bei, ukauwashia ramani, kisha ukaufungulia picha za mashua. Punda wanne, mmoja nyuma ya mwenzake. Simu yako ina nguvu, wanapita hujapepesa jicho. Ya nahodha haina. Na mguso ukikosa jibu kwa sekunde 5, Android yenyewe inamwambia mtu kwamba app haijibu, naye anaifunga.

Jiulize skrini ya kwanza inataka nini hasa. Yako inataka orodha ya mashua, basi. Hifadhidata ifunguliwe kwenye uzi wa pembeni, orodha ikifika ndipo ichorwe. Picha zifuate moja moja. Ramani isubiri mpaka mtu aibonyeze, ila usiisukumie pembeni kabla ya kusoma maelezo yake, kwani baadhi ya maktaba za nje (msimbo ulioandikwa na wengine) hazikubali kuwashwa ila kwenye uzi mkuu. Ukitaka kujua nani anaziba njia, washa StrictMode, kikaguzi cha Android, ukiwa bado unatengeneza. Itakutajia unaposoma diski au mtandao mahali pasipofaa. Halafu azima simu ya nahodha mmoja, ujaribu hapohapo gatini.

Nimetumia korutini za Kotlin (lugha ya kuandikia app), mbona bado inaganda? (Msomaji, Langoni)

Korutini ni kazi inayoweza kusimama na kuendelea baadaye, si uzi. Ukiianzisha kwa lifecycleScope (inayofuata uhai wa skrini) bila kusema zaidi, inakimbia kwenye uzi mkuu uleule. Usomaji wa faili uzungushie withContext(Dispatchers.IO) uhamie uzi wa pembeni, hesabu nzito zipeleke Dispatchers.Default. Ukiona runBlocking, inayousimamisha uzi mpaka kazi iishe, ifute. Huko ni kumfunga punda kamba katikati ya njia. (Mimi niliwahi kuiweka "kwa muda tu". Ilikaa miezi.)

Je, nikiweka nembo kubwa ya kufungulia, si itaificha ile skrini nyeupe? (Msomaji, Matondoni)

Kwa nusu sekunde, sawa. Ikizidi hapo watu wataichoka kama walivyoichoka ile nyeupe.

Nimeahirisha kila kitu. Sasa mteja akibonyeza Lipa kabla bei hazijasomwa, app inaanguka. (Msomaji, Shela, tena)

Umeahirisha, lakini hukuweka wa kusubiri. App ikifunguka tu, anza kusoma bei kwa async na uishike ile Deferred (ahadi ya jibu) inayorudi. Kwenye Lipa, ndani ya korutini, ita await, yaani subiri jibu. Bei zikiwa zimefika, jibu ni papo hapo. Zisipofika, korutini inasubiri pembeni na njia iko wazi. Wakati huo kitufe kionyeshe duara linalozunguka na kisikubali mguso wa pili, maana asiyeona jibu hubonyeza mara tatu, nawe utakuwa umemtoza safari tatu za Manda.