Maua ya kiangazi Uingereza: yasikutie haraka

Mwezi wa Aprili, ukipita mlango wa duka lolote kubwa hapa Uingereza, utakuta trei za petunia na begonia zimeshachanua, rangi zinakuita. Jua limechomoza siku mbili tatu, watu wameshavaa fulana, na mkono unaanza kutafuta pochi. Ushauri wangu kwa ndugu aliyepata nyumba yenye kiwanja kidogo mbele: sifia, kisha pita.

Maua haya asili yake ni nchi za joto, na miche hiyo imelelewa kwenye mabanda ya vioo. Usiku mmoja wa jalidi, umande ukiganda juu ya majani, unaamka kuyakuta yamelala kama mchicha uliochemshwa. Kusini mwa England jalidi huweza kurudi hata Mei. Kaskazini na Scotland huweza kuvuka mpaka mwanzo wa Juni. Mimi naishi Leeds, kaskazini mwa England, na sipandi nje kabla ya wiki ya mwisho ya Mei, majirani waseme watakalo.

Ukweli, miche midogo ya Aprili ni rahisi sana kwa bei. Ukishindwa kujizuia, iweke dirishani penye mwanga, na siku kumi hivi kabla ya kupanda uwe unaitoa nje mchana na kuirudisha ndani jioni. Mche uliozoea joto ukirushwa ghafla kwenye upepo hudumaa, na kiangazi cha huku si kirefu cha kusubiri uchangamke. Anayetaka rangi Machi na Aprili apande viola na primula Septemba au Oktoba ya mwaka uliotangulia. Hizo baridi haizibabaishi.

Wengi huchagua rangi kwanza. Mimi huanza na jua: pale ninapotaka kupanda linafika saa ngapi na linaondoka saa ngapi? Upande unaotazama kusini nitaweka petunia, marigoldi, na hasa pelagonia, ambayo wengi huiita jeraniamu. Asili yake Afrika Kusini, kwa hiyo ukisahau kumwagilia siku mbili haikununii. Kwenye kivuli weka begonia.

Na kivulini liko ua letu wenyewe. Huku huitwa Busy Lizzie, lakini kwao ni Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kushuka hadi Msumbiji. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, ndiye aliyelipeleka kwenye bustani za mimea za Kew, London, na mwaka 1882 mkuu wa bustani hizo, Joseph Hooker, akalipa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, zama hizo Sayyid Barghash. Siku hizi kitaalamu ni Impatiens walleriana. Kila nikilikuta chini ya mti wa mwenyeji wa hapa, namwambia huyo ni mgeni wangu.

Tatizo lake ni ugonjwa wa ukungu. Majani hupauka, chini yake hutokea unga mweupe, kisha yote hupukutika zikabaki shina tupu. Ugonjwa huu ulionekana Uingereza mwaka 2003, na baada ya mlipuko wa 2011 wauzaji wengi wakaacha kabisa kuliuza. Limerudi sokoni kwa aina zinazostahimili, kama Beacon na Imara. Soma kibandiko, na kama hakitaji aina, chukua begonia. Bustani ikishaambukizwa, ng'oa yote, na mwaka unaofuata usilipande hapohapo.

Dukani, mche uliojaa maua usikudanganye. Chagua mfupi, wenye matawi mengi na vitumba ambavyo havijafunguka. Geuza kikopo uchungulie mizizi: myeupe ni mizuri, ila ikiwa imejizungusha mpaka udongo hauonekani, mche huo umekaa sana rafuni. Nyumbani loweka trei kwanza, kisha panda kwa kuacha sentimita 20 hadi 30. Patupu hapo pataziba kufika Julai.

Baada ya hapo kazi ni kuchuma maua yaliyonyauka. Petunia ikiachwa itoe mbegu hupunguza maua, kwa hiyo chuma ua pamoja na kikonyo chake. Kuvuta petali peke yake hakusaidii kitu. Begonia nyingi ndogo hujiangushia zenyewe. Kila wiki nayapa maua yote mbolea ya maji inayouzwa kwa ajili ya nyanya, maana ina potasiamu nyingi, na potasiamu ndiyo inayoleta maua. Mbolea yenye naitrojeni nyingi itakupa majani ya kulisha mbuzi.

Koa wanapenda marigoldi kupita kiasi. Dawa yangu ni tochi na ndoo, usiku baada ya mvua. Vikapu vya kuning'inia navyo vinataka maji kila siku wakati wa joto, hata kama mvua imenyesha, kwa sababu majani yakishasongamana hugeuka mwavuli. Ingiza kidole kwenye udongo kabla ya kuamini mawingu.