Mwanangu Alirudia Darasa: Bado Anaruhusiwa Kucheza?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtoto amerudia darasa, je, timu ya shule bado ni yake? Nilifundisha michezo Kasulu kabla ya kuhamia Texas, na sasa ni mkalimani wa wazazi wanapoandikisha watoto shule. Nimechagua barua tatu.

Mwalimu, pokea salamu kutoka Fort Worth. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukafika hapa Julai 2022. Mtoto wangu wa pili, ambaye karatasi zake zinasema alizaliwa Januari 1, 2008, alikuwa na miaka 14, na mwezi Agosti shule ikamweka darasa la tisa. Kiingereza hakuwa nacho kabisa. Mwaka ulipoisha krediti, yaani hesabu ya masomo aliyofaulu, hazikutosha, akarudia darasa la tisa. Tangu hapo amekwenda vizuri. Sasa yuko la kumi na moja, na timu ya soka ya shule inamtegemea nyuma. Wiki iliyopita kocha amemwambia huu ndio msimu wake wa mwisho, kwamba mwakani atasoma lakini hatacheza. Mtoto haongei tena nyumbani. Hajavunja sheria yoyote. Kocha anasema kweli, au ana lake jambo?
*Baba wa watoto sita, Fort Worth*

Baba, pole sana. Kocha amesema kweli, na nadhani hata yeye imemuuma, maana anapoteza beki.

Michezo ya sekondari za serikali Texas iko chini ya chombo kinachoitwa University Interscholastic League, wenyewe wanasema UIL, kilichoanzia Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1910. UIL ina masharti mengi, lakini kwa mtoto aliyerudia darasa matatu ndiyo yanayohusika, na wazazi wengi wanayachanganya.

La kwanza ni alama. Tangu 1984 sheria ya Texas inasema asiyefaulu hachezi: mwanafunzi akishuka chini ya 70 katika somo moja, anakaa pembeni wiki tatu angalau, ingawa mazoezini anaruhusiwa. Hili linapita. Akiinua alama anarudi uwanjani. La pili ni umri: awe hajatimiza miaka 19 ifikapo Septemba 1. Umeniandikia kwamba karatasi zake zinasema Januari 1, 2008, kwa hiyo Septemba 2026 atakuwa na 18, na hapo yuko salama.

Lililomkamata ni la tatu. Siku mtoto anapoandikishwa darasa la tisa kwa mara ya kwanza, anaanza kuhesabiwa miaka minne ya kushindana, na hesabu hiyo haisimami. Haijali amefaulu au amefeli, amecheza au hakucheza, amehama shule au aliugua. Mwanao ilianza Agosti 2022. Mwaka ule wa kwanza, ambao huenda hakugusa hata mpira, umehesabiwa. Wa kurudia umehesabiwa. La kumi, la kumi na moja, minne imeisha. Darasa la kumi na mbili, la mwisho la sekondari, kwake ni mwaka wa tano.

Nakuomba usiichukie sheria yenyewe. Bila mpaka huo, wangekuwapo makocha na wazazi wa kumfelisha kijana makusudi ili abaki mwaka mmoja zaidi, anenepe misuli, awagonge watoto wa miaka 14. Yametokea, ndiyo maana mpaka ukawekwa. Ninacholalamikia ni kwamba mpaka huo unamkuta mtoto wa mkimbizi mahali ambapo hakuna aliyemweleza kitu.

Nakijua chumba cha kuandikishia watoto shule, kwa sababu ndicho ninachofanyia kazi. Baba anatoa bahasha ya plastiki. Ndani kuna kadi za chanjo, karatasi za safari, na buletini, yaani ripoti ya maendeleo, ya shule ya kambini, ya Kifaransa, yenye muhuri wa zambarau uliofifia. Karani hasomi Kifaransa. Anaangalia tarehe ya kuzaliwa, anahesabu miaka 14, anaandika darasa la tisa. Baba anaweka sahihi kurasa sita au saba, anashukuru, anaondoka na furaha kwamba mtoto ameingia sekondari. Imechukua dakika chache tu, na miaka minne imeanza. Kumbe huko Nyarugusu watoto wa Kikongo hufuata mtaala wa Kongo, na pengine buletini ile ilionyesha kwamba mtoto alikuwa hajamaliza hata la saba. Mzazi ana haki ya kusema: tafadhali itafsirini hii kwanza, halafu tuzungumze mtoto aanzie wapi. Uamuzi ni wa shule, na umri nao una uzito wake, lakini mazungumzo hayo hufanyika kabla ya sahihi. Nawaambia hivi kila baba na mama ninayekaa naye, na nitaendelea kuwaambia.

Sasa kijana wako. UIL ina utaratibu wa kuomba msamaha wa sharti la miaka minne. Kinachotazamwa hasa ni kama kilichomchelewesha mtoto kilikuwa nje ya uwezo wake na wa wazazi wake. Ukiandika tu kwamba alifeli, umeshindwa kabla hujaanza. Eleza kwamba aliwekwa darasa la tisa bila rekodi zake kutafsiriwa, kwamba mwaka ule ratiba yake ilijaa masomo ya kujifunza lugha, na kwamba tangu alipopata lugha hajafeli tena. Mwombe mshauri wa wanafunzi akutolee ratiba ya mwaka 2022, orodha ya krediti kwa kila mwaka, na barua yake mwenyewe. Buletini itafsiriwe na mtafsiri anayekubalika. Maombi hupitia shuleni, kwa hiyo omba kukutana na mkurugenzi wa michezo wiki hii, usingoje Agosti. Siwezi kukuahidi jibu, Baba. Ninachojua ni kwamba wasioomba hawapewi.

Mambo mawili tena. Kuna mtu atakunong'oneza kwamba kwa kuwa Januari 1 ni tarehe waliyopewa wakimbizi wengi, mnaweza kuibadilisha. Kwanza haitasaidia, maana tatizo lenu ni miaka minne, siyo umri. Pili, tarehe hiyo imo kwenye faili lenu la uhamiaji, na kuichezea kwa ajili ya msimu mmoja wa soka ni kuhatarisha familia nzima.

La pili ni chuo, na hili kocha huenda hakukwambia. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kwa timu za Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa, kinataka masomo makuu 16 ya sekondari, kama Kiingereza, hesabu na sayansi, na kinayahesabu ndani ya miaka minne tangu mtoto alipoanza darasa la tisa. Hata huko mwaka wa kurudia umehesabiwa. Divisheni ya Pili inataka masomo 16 hayo hayo lakini haina kikomo hicho cha miaka minne. Vyuo vya miaka miwili navyo vina timu, na soka la klabu za mtaani halijali kabisa mtoto alianza darasa la tisa lini. Mweleze hayo kwa sauti, mezani, hata kama hajibu. Kijana wa miaka 18 akiambiwa "mwisho", anasikia mwisho wa kila kitu.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la saba hapa Houston, anacheza mpira wa kikapu. Ana kipaji ila ni mdogo wa umbo. Kocha wa klabu yake amenishauri arudie la saba, hata kama amefaulu, ili akifika sekondari awe mrefu na mwenye nguvu. Anasema wazazi wengi wanafanya. Kaka yangu yuko Louisville, Kentucky, anasema tunaweza hata kumpeleka kwake arudie huko. Unanishauri nini?
*Mama wa kijana mmoja, Houston*

Marahaba mwanangu. Nakushauri usifanye, na sababu ya kwanza haina uhusiano na mpira. Mtoto aliyefaulu anarudishwaje kwenye dawati lile lile, wenzake wakisonga mbele? Atawaeleza nini? Miaka 12 au 13 ndiyo umri ambao mtoto anaishi kwa macho ya wenzake.

Hata ukiuweka moyo wake kando, hesabu yenyewe haikulipi. UIL walishauona mchezo huo zamani. Mtoto akirudishwa darasa la saba au la nane kwa ajili ya michezo, anapoteza mwaka wake wa nne wa kushindana sekondari, yaani darasa la kumi na mbili, mwaka ambao ndio alitarajiwa awe mkubwa na mwenye nguvu. Unamchelewesha apate urefu, halafu urefu ukifika anakaa kwenye benchi la watazamaji.

Kwa kaka yako Kentucky si afadhali. Huko mtoto anayerudia darasa, kuanzia la nne kwenda juu, kwa sababu yoyote ile, hachezi mashindano ya shule katika ule mwaka wa kurudia. Tena kumhamishia mtoto kwa mjomba huku wewe umebaki Houston kunazua suala jingine zito la makazi ya mzazi, ambalo majimbo mengi hulikagua kwa ukali.

Huyo kocha wa klabu hatakuwa mezani pale fomu zitakapokaguliwa. Mwache kijana akue kwa ratiba ya Mungu. Afundishwe kupiga chenga kwa mikono yote miwili, kutoa pasi mapema, kurusha kutoka mbali. Mtoto mdogo wa umbo aliyelazimika kutumia akili akiwa na miaka 13 hufika mbali urefu unapomkuta.

Mwalimu, nipo Grand Rapids, Michigan. Binti yangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo sana. Akili yake inakwenda polepole na mguu mmoja ni dhaifu. Alirudia mara mbili shule ya msingi. Sasa yuko la kumi na moja, anakimbia na timu ya shule mbio za nyika. Huwa wa mwisho, na wenzake wote humsubiri kwenye mstari wakimshangilia. Juni anatimiza miaka 19. Nimeambiwa mwaka wa mwisho hatakimbia. Ni sawa hiyo?
*Mama wa binti, Grand Rapids*

Mama, kwako nina habari nzuri kidogo. Ni kweli Michigan anayetimiza 19 kabla ya Septemba 1 haruhusiwi, na kwa miaka mingi sharti hilo halikuwa na mlango hata kwa mtoto mwenye ulemavu. Vijana wawili wakimbiaji wenye matatizo ya kujifunza, waliochelewa shule kama binti yako, walikwenda mahakamani. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ikawakatalia, ikisema ni mzigo mkubwa mno kumpima kila mwanafunzi mmoja mmoja.

Aliyefungua mlango ni kijana wa Ishpeming, kaskazini ya jimbo lenu, jina lake Eric Dompierre, mwenye hali ya Down, ulemavu wa kuzaliwa nao unaochelewesha akili na mwili, aliyekuwa kwenye timu za shule yake za mpira wa kikapu na futiboli ya Kimarekani. Familia yake haikuchoka kudai, na mwaka 2012 shule za Michigan zikapiga kura kubadilisha kanuni. Sasa msamaha wa umri unaweza kuombwa, kwa masharti: ucheleweshaji uwe ulitokea kabla ya darasa la tisa na kwa sababu ya ulemavu uliothibitishwa na daktari, ulemavu uwe umepunguza uwezo wa mwili pamoja na wa akili au wa hisia, mtoto asiwe hatari kwa wengine, wala asiipe timu faida isiyo ya haki. Kwa uliyonieleza, binti yako anafanana sana na yule ambaye kanuni iliandikwa kwa ajili yake.

Ombi hupelekwa na shule, kwa hiyo anza na mkurugenzi wa michezo. Upeleke barua ya daktari inayotaja ugonjwa, mguu na akili, vyote, kwa maneno ya wazi, pamoja na rekodi za shule ya msingi zinazoonyesha miaka aliyorudia. Na wenzake wale wanaomsubiri kwenye mstari, muulize kocha kama matokeo ya mbio za msimu huu yanaweza kuambatanishwa. Nafasi aliyomaliza kila mara ndiyo ushahidi kwamba hakuna timu atakayoinyima ushindi.