Kompyuta ya Mfanyakazi Unayemshuku Isiwashwe

Katika kazi yangu ya kuchunguza kompyuta kwa ajili ya migogoro ya kibiashara hapa Arusha, nimeona madai ya haki yakidhoofika kabla hata hayajafika kwa wakili, kwa sababu mwenye kampuni, akishaanza kumshuku mfanyakazi, huiwasha kompyuta yake na kupekua mafaili, au humkabidhi fundi wa ofisi aiangalie. Kuiwasha peke yake hubadilisha tarehe za mafaili kadhaa, na wakili wa upande wa pili hatakosa kuuliza ni nani aliyekuwa akiitumia siku hiyo.

Kampuni moja ya utalii iliachwa na meneja wake wa mauzo, na muda si mrefu mawakala wake wa nje wakaanza kupokea bei kutoka kwa mshindani. Kwa bahati nzuri kompyuta mpakato aliyoirudisha ilifungiwa kabatini bila kuguswa. Tulinakili diski nzima, biti kwa biti (biti ni chembe ndogo kabisa ya taarifa kwenye kompyuta), kwa kifaa kinachozuia chochote kisiandikwe kwenye diski halisi, kisha tukakokotoa alama yake kwa SHA-256, kanuni ya hesabu ambayo hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika biti moja tu, mfuatano hautalingana tena. Windows ilikuwa imehifadhi namba ya flashi iliyochomekwa siku yake ya mwisho kazini, pamoja na jina la faili la orodha ya mawakala lililofunguliwa kutoka kwenye flashi hiyo. Kumbukumbu zilisomeka 15:40 kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na daftari la mlinzi lilionyesha kuwa meneja alikuwa bado hajatoka getini. Bila daftari hilo tungethibitisha kilichofanyika kwenye kompyuta, si aliyekifanya. Ndiyo maana nasisitiza kwamba karatasi za ofisi zihifadhiwe pamoja na mashine.

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa aina hii, iangalie jinsi taarifa zilivyotengenezwa na kutunzwa, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi mwanzilishi wake alivyotambuliwa. Kwa hiyo andika, tangu siku ya kwanza, nani aliichukua kompyuta, saa ngapi, akaiweka wapi na akamkabidhi nani, kila mmoja akitia saini.

Kama mashine imezimwa, iache hivyo. Kama inawaka, iondoe kwenye mtandao na umwite mtaalamu, kwa maana diski iliyofungwa kwa nywila huenda isifunguke tena ikizimwa. Usicheleweshe, hasa kwa diski za SSD, zile za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka, ambazo huweza kusafisha zenyewe nafasi ya mafaili yaliyofutwa, hata yasirudishike.

Barua pepe binafsi ya mfanyakazi usiifungue, hata kama nywila yake imebaki kwenye mashine yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na mlalamikaji anaweza kujikuta mshitakiwa. Lililo salama ni kuweka ndani ya mkataba wa ajira, kabla ya ugomvi wowote, kifungu kinachoeleza kwamba vifaa vya kampuni vinaweza kukaguliwa, kwa sababu zipi na kwa utaratibu gani, na mfanyakazi akisaini apewe nakala yake.