Maswali ya Wasomaji: Mawese ya Simbo na Mafuta ya Malaysia

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama ninayekamua mawese katika kijiji cha Simbo, mkoani Kigoma. Mwezi uliopita nilimsikia mtaalamu redioni akieleza kwamba nchi zote duniani zimekubaliana kupunguza tofauti ya kipato ndani ya nchi na baina ya nchi na nchi. Wiki hiyo hiyo nilipeleka madumu yangu mawili mjini, na katika duka moja nikakuta rafu nzima imejaa mafuta ya kula yaliyotoka Malaysia, nayo yametengenezwa kwa michikichi kama hii yetu. Imekuwaje wao watuuzie sisi, nasi tubaki na pipa, kuni na vijana wa kuzungusha mashine kwa mikono? Je, ni sisi tuliozembea?
Mkamuaji, Simbo

Mama, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake ni fupi: hapana. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo mkoa wenu haukukosa njia ya kupeleka mazao pwani. Hata hivyo, wakati wa Waingereza ilionekana kuwa faida zaidi kuwachukua watu wa Buha (nchi ya Waha, yaani Kigoma yenu) kuliko kununua mazao yao. Wanaume waliandikishwa, wakapewa namba (ndiyo asili ya neno manamba) na kusafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, huku mashamba ya nyumbani yakibaki mikononi mwa wanawake. Mkoa uliotengwa uwe ghala la vibarua haujengewi kiwanda wala haupelekewi mbegu bora, na pengo la namna hiyo halizibiki siku bendera inapobadilishwa. Hadi miaka ya karibuni kabisa Kigoma iliwashwa kwa jenereta za dizeli, wakati mikoa mingine ilikuwa kwenye gridi ya Taifa kwa miongo kadhaa.

Sasa tuwatazame Wamalaysia, ambao kwao mchikichi ni mgeni kuliko ulivyo kwetu. Asili ya mti huu ni Afrika Magharibi. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa Bogor, katika kisiwa cha Java, na kwa muda mrefu uzao wake ulikuwa pambo la bustani na barabara tu. Malaysia yenyewe ilianza kuupanda kibiashara mwaka 1917. Leo Indonesia na Malaysia hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote ya dunia. Kilichowapandisha ni maamuzi, na mawili kati ya hayo yanafaa kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1956 Malaysia iliunda mamlaka iitwayo FELDA, ambayo iliwapa familia zisizo na ardhi mashamba ya takriban ekari 10 kila moja, pamoja na miche, barabara na kinu cha kukamulia kilicho karibu, kwa mkopo uliolipwa kutokana na mavuno. Baadaye, katika miaka ya 1970, walipanga ushuru wa kusafirisha mafuta nje kwa namna iliyomnufaisha anayesafisha nyumbani kuliko anayeuza mafuta ghafi, na viwanda vya kusafishia vikaota kama uyoga.

Sitaki nikuonyeshe pepo isiyokuwapo. Misitu mingi ilikatwa, na kazi nzito katika mashamba makubwa ya Malaysia sasa hufanywa kwa sehemu kubwa na wahamiaji kutoka Indonesia na Bangladesh, ambao wazee wa Kasulu wakiwaona, neno manamba litawatoka lenyewe.

Kwa upande wetu, chukua kisu upasue chikichi moja ya mti wa zamani wa Simbo, halafu nyingine ya mbegu ya Tenera inayozalishwa katika kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, hapo hapo Kigoma. Ile ya kwanza, ambayo wataalamu huiita Dura, ina nyama nyembamba iliyobandikwa juu ya gamba nene. Ya pili ina gamba jembamba, na nyama, ambayo ndiyo yenye mawese, imeijaza nafasi iliyobaki. Kuni ni zile zile na jasho ni lile lile, lakini mafuta hayalingani. Mwaka 2018 serikali ilianzisha kampeni ya kufufua zao hili, na mwaka huo huo ikapandisha ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje. Ushuru wa aina hiyo nauunga mkono kwa shingo upande, kwa sababu unakulinda wewe muuzaji na wakati huo huo unampandishia bei mama mwenzako wa Tabora anayenunua mafuta ya kipimo.

Jambo moja ningependa ulifuatilie kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Mchikichi mpya huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi na husimama kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo swali la shamba ni la nani ni zito kuliko swali la mbegu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Nenda kwa mtendaji wa kijiji uulizie hati ya hakimiliki ya kimila, na jina lako liandikwe humo. Ukiwa na wenzako katika kikundi, ulizieni pia mkopo wa halmashauri usio na riba, ambao fungu lake la wanawake ni asilimia 4 ya mapato ya ndani. Mashine ya injini ni jambo la kuombea mkopo huo.

Ndugu Mhariri,

Dada yangu yuko Ulaya na hututumia fedha za karo. Kila mara hufika pungufu. Je, makubaliano hayo yanagusa jambo hili?
Msomaji, Kasulu

Yanaligusa waziwazi. Lengo la 10 kati ya malengo ya maendeleo yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, ambalo ndilo hilo la kupunguza tofauti ya kipato, linataka gharama ya wahamiaji kutuma fedha kwao ishuke chini ya asilimia 3 ya kiasi kinachotumwa ifikapo mwaka 2030. Bado wastani wa dunia uko karibu na asilimia 6, na nchi zilizo kusini mwa Sahara hukatwa zaidi ya hapo. Mwambie dada yako asitazame ada iliyoandikwa peke yake, maana kampuni nyingi hujificha katika kiwango cha kubadilishia fedha. Aulize shilingi ngapi zitakazofika Kasulu, kisha alinganishe kampuni mbili au tatu kwa siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa sehemu ya ada mara nyingi haibadiliki kwa kila muamala, karo ya muhula ikitumwa kwa mkupuo mmoja hupungua kidogo kuliko ikitumwa mara tatu.