Maswali na majibu: Tume ya haki, madiwani na karai la mihogo

Juma lililopita niligusia kwamba madiwani wa Tanga hawana tume ya haki za binadamu ya kuikagua. Barua zikamiminika. Hizi ndizo nilizoweza kuzijibu.

Mdogo wangu yuko New York. Asema huko baraza la jiji huiita tume ya haki za binadamu na kuihoji. Tanga ni jiji tangu 2005, mbona sie hatuna? (Msomaji, Chumbageni)

Mdogo wako hajakudanganya. Tume ya New York ni mali ya jiji lenyewe. Ilianza kama kamati ya meya mwaka 1944, na leo husimamia sheria ya jiji dhidi ya ubaguzi kwenye nyumba, kazi na huduma. Anayebagua kwa makusudi yaweza kumtoza hadi dola 250,000. Bajeti yake hupitishwa na baraza, kwa hiyo madiwani wana kila sababu ya kuuliza kesi zinakaa muda gani na wachunguzi wapo wangapi.

Yetu ni ya taifa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora imo ndani ya Katiba, Ibara ya 129, ikatungiwa Sheria Namba 7 ya 2001 na kurithi ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya enzi za Mwalimu. Taarifa yake ya mwaka hupitia kwa waziri, ikafika Bungeni. Madiwani wa Tanga hawana mamlaka ya kuihoji, ila yenyewe yaweza kuwahoji wao. Hapo ndipo wengi hushtuka.

Nauza mihogo ya kukaanga. Mgambo walikuja wakabeba karai na meza, hawakuniandikia kitu. Niende Tume moja kwa moja? (Hakutaka kutajwa)

Sikutaji, wala sitaji mji wako. Pole kwanza. Jambo lako linaihusu Tume kabisa: mtumishi wa umma akichukua mali ya mtu bila kufuata utaratibu, huo ndio utawala bora unaovunjwa. Tena hulipi hata senti, na waweza kueleza kwa mdomo au kwa maandishi.

Lakini anzia nyumbani. Mwandikie barua mkurugenzi wa halmashauri, nakala mbili. Taja siku, saa, mahali, na vitu kimoja kimoja: karai, meza, mafuta lita ngapi, mihogo ya shilingi ngapi. Ukifika masjala waachie nakala moja, ya pili waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usitoke bila muhuri huo, hata wakikuambia mwenye muhuri kaenda kunywa chai. Msubiri amalize chai. Nimeona watu wakizungushwa mwaka mzima kwa maneno "barua yako hatujaiona", na karibu wote walikuwa wameondoka mikono mitupu. Wakikunyamazia, ibebe nakala hiyo uende nayo Tume. Ila ukishafungua kesi mahakamani kwa shauri hilohilo, Tume haitaligusa.

Tume yaweza kumchunguza Rais? (Mwanafunzi, Pongwe)

Katiba imemweka kando, yeye na Rais wa Zanzibar. Kwa mkurugenzi, mgambo, polisi na mtendaji wa kata, mlango u wazi.

Watu wanasema Tume haina meno. Kweli? (Msomaji, Makorora)

Meno inayo, ila haitafuni peke yake. Hutoa mapendekezo, na taasisi iliyopelekewa hupewa muda usiozidi miezi 3 kueleza imefanya nini.

Kumbuka Nyamuma, wilayani Serengeti. Oktoba 2001 wanakijiji waliondolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa moto. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikalipeleka suala Tume. Tume ikachunguza, ikaona wananchi wamekosewa, ikataka walipwe fidia. Serikali ikakataa. Mahakama Kuu nayo ikasema mapendekezo si kitu cha kukaziwa, yaani kulazimishwa yatekelezwe. Ni mwaka 2006 ndipo Mahakama ya Rufani ilipotamka kwamba yanaweza kukaziwa kupitia mahakama. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi kutoka moto hadi tamko hilo, na hapo fidia bado haijaingia mfukoni mwa mtu.

Diwani wetu alituambia malalamiko yamepungua, kwa hiyo mambo ni mazuri. Nimwamini? (Msomaji, Ngamiani)

Muulize yamepungua kwa sababu gani. Watu wakichoka kulalamika, idadi hushuka vilevile. Mimi ningeuliza mapendekezo mangapi yalitekelezwa, na aliyenyang'anywa karai alirudishiwa lini.

Raia wa kawaida aruhusiwa kuingia kikao cha madiwani? (Fundi baiskeli, Barabara ya 12)

Waruhusiwa. Kikao cha kawaida cha baraza hufanyika kila miezi 3 na ni cha wazi. Vya kamati ndivyo huna kiti. Utakaa kusikiliza tu, kusema huruhusiwi, kwa hiyo swali lako mpe diwani wako mapema, kwa maandishi. Kisha siku yenyewe nenda, ukae pale atakapokuona akigeuza shingo. Akikuona, ni vigumu kwake kulisahau mfukoni.