Breki zinanuka mteremkoni: ninunue pedi mpya?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi huendesha baiskeli ya mbio milimani siku za mapumziko, na mke wangu hunifuata na gari lenye mizigo. Kwenye miteremko mirefu breki za gari hunuka kama zinaungua, na za baiskeli, ambazo ni za kubana rimu, hupungua nguvu kabla sijafika chini. Ninunue pedi ngumu zaidi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Pedi zisubiri kwanza. Kinachowasumbua ni joto, na joto hilo linategemea sana namna mnavyoshika breki.

Chukua Stelvio, barabara ya milimani huko Italia inayofika mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Ukishukia upande wa Prato, wenye kona kali 48, unapoteza kimo cha mita 1,800 hivi. Kama wewe na baiskeli mna kilo 85, nishati mnayoiacha njiani inatosha kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji. Kwa gari la kilo 1,500 ni karibu lita 80! Sehemu inayobaki baada ya upepo, matairi na injini kuchukua chao lazima imezwe na breki.

Ukizibana kidogo kidogo mteremko mzima, unakwenda polepole, upepo haukuzuii, na karibu joto lote linaingia kwenye rimu. Mwendo ukiongezeka maradufu, upepo hukuzuia mara nne zaidi. Kwa hiyo pale barabara iliponyooka na unaona mbali, achia breki na inua kifua. Kabla ya kona, ungali wima, bana breki zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha achia. Huko kuachia ndiko kunakopoza rimu. Kama rimu zako ni za kaboni, nakusihi uwe makini zaidi: gundi inayoshika nyuzi zake hulainika kwa joto na ubavu ukavimba. Za alumini hustahimili zaidi, lakini nazo zikipata moto sana zinaweza kupasua tyubu. Mwendo ukikutia hofu, simama pahali salama zipoe.

Shemeji naye aingize gia ndogo kabla mteremko haujaanza, ile ambayo gari lingehitaji kupandia mlima huohuo. Gari la otomatiki huwa na L, 2 au B kwa kazi hiyo. Injini ikinguruma asiogope, mradi mshale wa mizunguko ya injini haujaingia kwenye nyekundu. Asishuke kamwe na nyutro.

Kagueni pia mafuta ya breki ya gari. Ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu, na kiwango cha kuchemka kinaweza kushuka hadi kwenye 155. Yakichemka hujaa mapovu, na pedeli huzama bila gari kusimama. Mimi huyabadilisha kila baada ya miaka 2.

Sasa pedi. Za baiskeli zikiwa zinang'aa usoni, zipige msasa na chomoa vipande vya chuma vilivyonasa. Zikifika alama ya mwisho, nunua nyingine zinazolingana na rimu zako. Pedi za rimu za alumini usizifunge kwenye rimu za kaboni. Za gari zipimwe unene gereji, pamoja na diski, kabla ya safari ijayo.