Maswali ya Wasomaji: Kwa nini watu wa Virginia waliupinga muswada wa bunduki?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Tanga. Mpwa wangu anaishi katika kaunti moja ya mashambani huko Virginia, Marekani, ambako anafanya kazi katika kiwanda cha kuku. Juzi aliniambia kwamba mwezi Januari 2020 majirani zake, watu wapole wanaomgawia nyama ya kulungu kila msimu wa kuwinda, waliondoka alfajiri kwenda Richmond, mji mkuu wa jimbo, kupinga sheria ya kudhibiti bunduki, na kwamba baraza la kaunti yao lilikuwa limepitisha azimio la kuikataa sheria hiyo hata kabla haijatungwa. Mimi nimezoea kuona silaha inamilikiwa kwa kibali, tena na wachache. Watu hao walikuwa wanapinga nini hasa, na kaunti inawezaje kukataa sheria ya jimbo? Je, mpwa wangu, ambaye ana ukaazi wa kudumu lakini si raia, anaruhusiwa kushiriki mambo hayo?

JIBU: Ndugu msomaji, habari hii inaanzia Virginia Beach, ambako tarehe 31 Mei 2019 mhandisi mmoja wa jiji aliwaua watu 12 katika jengo la ofisi za jiji hilo. Gavana Ralph Northam, wa chama cha Democratic, aliitisha kikao maalumu cha bunge la jimbo mwezi Julai, lakini chama cha Republican, kilichokuwa na wingi mdogo, kilikiahirisha baada ya kama saa moja na nusu bila muswada wowote kupigiwa kura. Mwezi Novemba wapiga kura waliwapa Democratic mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo, yaani Baraza la Wajumbe na Seneti, na miswada iliyokuwa imelala kabatini ikarudi mezani.

Majirani wa mpwa wako hawakuichukia miswada yote kwa kiwango kimoja. Ule wa kumtaka kila muuzaji amchunguze mnunuzi kwanza uliwaudhi kiasi tu. Ule wa kumzuia mtu kununua zaidi ya bastola moja kwa mwezi haukuwa mgeni, kwa kuwa Virginia iliwahi kuwa na sheria hiyo tangu 1993, enzi za Gavana Douglas Wilder, ikafutwa 2012. Uliowatoa vitandani usiku ni muswada wa bunduki zinazoitwa za kivita, uliotaka kupiga marufuku uuzaji wake na pia umiliki wa magazini, yaani vibebeo vya risasi vya bunduki, zenye kubeba zaidi ya risasi 12. Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yao. Bunduki hizo hutambuliwa katika sheria kwa sifa zake za nje, kama kishikio cha mfano wa bastola au kitako cha kukunjika, na mwindaji anapotazama kabatini mwake huona kwamba bunduki mbili zenye risasi ileile na nguvu ileile zinaweza kutenganishwa na kipande cha plastiki, moja ikawa halali na nyingine haramu. Tena magazini aliyoinunua dukani kihalali, akapewa risiti, ingemfanya kuwa mhalifu bila yeye kutenda jambo lolote jipya. Waliozungumzia kuwasajili wamiliki waliwatisha zaidi, kwa sababu katika fikra za wengi kule orodha ya leo ndiyo njia ya kunyang'anywa kesho. Ongeza hapo umbali: anayeishi mahali ambapo gari la polisi huchukua nusu saa kufika haoni bunduki kama anavyoiona mtu wa mjini.

Waliounga mkono miswada walijibu kwamba magazini kubwa ndiyo humpa muuaji nafasi ya kuendelea bila kusimama, na hoja hiyo si nyepesi. Familia za Virginia Beach hazikuihitaji kuelezwa.

Kuhusu azimio la kaunti, jibu ni fupi. Zaidi ya kaunti, majiji na miji 100 ilijitangaza kuwa kimbilio la Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya mwaka 1791 yanayolinda haki ya kuwa na silaha. Hata hivyo, Virginia ni jimbo ambalo serikali za mitaa zina mamlaka yale tu zilizopewa na bunge la jimbo, na mwezi Desemba 2019 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Mark Herring, alitoa maoni rasmi kwamba maazimio hayo hayana nguvu ya kisheria. Yalikuwa barua ya hasira iliyopigwa muhuri, ingawa wanasiasa waliisoma.

Safari ya Richmond ilikuwa tarehe 20 Januari 2020, siku ya mapumziko ya kumkumbuka Martin Luther King, ambayo huko wananchi huitumia kuwatembelea wabunge wao. Gavana alikuwa ametangaza hali ya dharura na kukataza silaha katika viwanja vya bunge. Polisi walikadiria watu 22,000: kama 6,000 walipita kwenye vigunduzi vya chuma wakiwa mikono mitupu, na waliobaki, wengi wao wakiwa na bunduki begani na stika za mviringo za rangi ya machungwa kifuani, walijaa barabarani nje ya uzio katika baridi kali. Siku ikaisha bila risasi kulia.

Magazeti ya dunia yalichukua picha za umati huo, lakini kwa maoni yangu yaliangalia mahali pasipo. Tarehe 11 Februari, wiki tatu baada ya maandamano, Baraza la Wajumbe liliupitisha muswada ule kwa kura 51 dhidi ya 48, kana kwamba hakuna aliyekuja. Ulikwama tarehe 17 Februari katika kamati ya sheria ya Seneti, pale maseneta 4 wa Democratic walipoungana na Republican kuuahirisha hadi mwaka uliofuata, kwa kura 10 dhidi ya 5. Mmoja wao, Creigh Deeds, wakati huo alitoka kaunti ya Bath, milimani, kwenye wawindaji wengi kuliko taa za barabarani. Miswada mingine, ukiwemo ule wa bastola moja kwa mwezi na ule wa kumruhusu hakimu kuamuru silaha ziondolewe kwa muda kwa mtu anayeonekana hatari, ilipita na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2020.

Sasa mpwa wako. Uhuru wa kusema, kukusanyika na kupeleka malalamiko serikalini haulindi raia peke yao, kwa hiyo mkaazi wa kudumu anaweza kuhudhuria, kumwandikia mjumbe wa eneo lake na kuomba dakika chache za kusema mbele ya kamati. Kupiga kura hawezi. Sheria ya nchi humruhusu pia kumiliki bunduki, tofauti na aliyeingia kwa viza ya muda, ambaye kwa kawaida hukatazwa, isipokuwa katika hali chache kama kuwa na leseni ya kuwinda. Akienda Richmond, bunduki aiache nyumbani, kwa maana tangu Julai 2021 marufuku ya silaha katika viwanja vya bunge si tena ya dharura. Ni sheria ya kudumu.